Raba za mitumba za mbio sokoni Malindi: ukaguzi kwa mkimbiaji ambaye jeraha humrudia

Anayekimbia Malindi akitafuta raba hana uwanja mpana wa kuchagua. Madukani mjini raba mpya zipo, lakini nyingi ni za kuvalia tu: soli bapa ya mpira mzito, sponji nyembamba au hakuna kabisa. Kuagiza Nairobi au Mombasa kunawezekana, ila unalipia kiatu ambacho hujakitia mguuni. Inabaki mitumba. Huko, kwa shilingi kama 1,500 hadi 3,000 baada ya kuvutana bei, mtu anaondoka na raba iliyoundwa kwa mbio hasa, ambayo ikiwa mpya ingemgharimu mara kadhaa ya hapo.

Hukumu yetu tunaitoa mapema. Kwa mwenye miguu mizima, mitumba ya Malindi inatosha na thamani ya pesa ipo. Kwa mwenye goti, kano ya kisigino, muundi au unyayo unaopona na kuuma tena kila baada ya miezi michache, meza hizohizo ziendewe kwa tahadhari. Jozi nyingi ni za kuachwa, na chache zinazofaa hujulikana kwa kushikwa na kukaguliwa. Jina lililoandikwa ubavuni halisaidii sana.

Sababu ni kwamba raba ya mtumba imebeba mwendo wa aliyeivaa kwanza. Sponji imebonyea pale alipokanyagia yeye, soli imelika upande wake, na ile sehemu ngumu ya nyuma inayoshika kisigino imelalia alikolalia. Mguu mzima unaweza kuvumilia. Mguu uliowahi kuumia unaongezewa mzigo kidogo kila hatua, na kilomita moja ya mbio za taratibu ni karibu hatua 1,000. Katika tafiti za majeraha ya mbio, jambo linalotabiri jeraha jipya kwa uhakika zaidi ni jeraha la zamani, hasa la ndani ya miezi 12 iliyopita. Basi mtu huyu hana nafasi ya kufanya majaribio na kiatu kilichopinda.

Tuanze mezani. Wauzaji wengi hupanga raba juani, zimeshapigwa brashi na sabuni, na baadhi yao hupitisha rangi nyeupe kwenye sponji ing'ae. Weupe huo usikuvute wala usikukimbize; ni wa kuchunguza tu. Kwaruza kwa ukucha ubavuni, karibu na kisigino. Rangi ikitoka kama maganda na chini yake kuna mikunjo ya kulala, ile mistari myembamba inayokwenda sambamba na ardhi, sponji imechoka. Mikunjo miwili mitatu midogo ni ya kawaida. Ikiwa imejaa kuanzia kisigino hadi katikati ya unyayo, irudishe.

Kisha omba soli ya ndani itolewe. Muuzaji anayejua biashara yake hatakataa ukimwambia kwa heshima, "Ami, nitolee ya ndani niangalie chini." Hapo ndipo penye habari yote. Tia kidole gumba ndani, bonyeza sponji chini ya kisigino, halafu bonyeza ileile kwenye uvungu wa unyayo, mahali ambapo mguu haukandamizi sana. Tofauti ya ugumu baina ya sehemu hizo mbili ndiyo kipimo chako, kwa sababu kila raba hujilinganisha na yenyewe. Kisigino kikiwa kigumu kama ubao na uvungu bado unanesa, aliyetangulia ameimaliza. Linganisha pia kushoto na kulia. Ikiwa kulia kumebonyea zaidi, mtu huyo alikuwa akikanyaga kwa kuegemea, na wewe utaegemea naye.

Jaribio la tatu halihitaji ila mahali palipo sawa: kioo cha meza, kigae cha baraza, hata kifuniko cha sanduku. Weka jozi hapo, chuchumaa nyuma yake, macho yalingane na visigino. Mstari wa nyuma wa kila raba usimame wima. Ukiona mmoja umelala ndani au nje, hata kidogo tu cha kuonekana kwa macho, usiinunue kwa mguu wenye jeraha, hata kama ni ya bei ya kutupa. Hili ndilo kosa tunaloliona zaidi miguuni mwa watu pale barabara ya Casuarina asubuhi: raba nzuri, safi, imelala ndani, na mwenyewe anauguza upande wa ndani wa muundi.

Robota, ule mzigo wa mitumba uliofungwa na kukazwa, hubana viatu, kwa hiyo kupinda kwingine kumetokana na safari tu. Kutofautisha ni rahisi. Finya ile sehemu ngumu ya nyuma kwa vidole viwili. Ikibonyea ikarudi yenyewe, ilibanwa tu, itanyooka ukiivaa. Ikilia kama karatasi au ikabaki imebonyea, imevunjika ndani na haitengenezeki.

Chini ya soli, kulika kwa ukingo wa nje wa kisigino ni jambo la kawaida, ndivyo wakimbiaji wengi wanavyotua. Mpira mweusi uwe bado upo. Pale unapoona weupe wa sponji umetokeza kupitia mpira, basi. Kunja raba: inatakiwa ikunjike pale vidole vinapokunjikia, theluthi ya mbele. Inayokunjika katikati ya unyayo imevunjika mgongo, na mwenye maumivu ya utando wa unyayo, ule mkanda wa nyuzi unaotoka kisiginoni kwenda vidoleni, ataisikia ndani ya wiki.

Sasa jambo ambalo Pwani linatuhusu kuliko bara. Raba za zamani nyingi zina sponji ya poliyurethani, aina ya plastiki, yote au sehemu, na sponji hiyo huoza kwa unyevu wa hewa hata kama haikuvaliwa. Inakaa kabatini miaka kadhaa, inaonekana mpya kabisa, soli haijakanyaga hata changarawe, halafu siku ya tatu ya mbio inameguka vipande au soli nzima inabanduka. Hewa ya Malindi ina unyevu mwaka mzima, kwa hiyo mwozo huo hapa hauna mapumziko. Dawa yake ni kutazama kibandiko kilicho ndani ya ulimi au ubavuni mwa raba. Kampuni nyingi huandika hapo saizi za nchi mbalimbali, urefu wa mguu kwa sentimita, na tarehe ya kutengenezwa, mwezi na mwaka. Yenye zaidi ya miaka sita tangu itengenezwe hatuipendekezi, ivutie vipi. Kibandiko kikikosekana, bonyeza ukucha kwenye sponji: ikinata au ikitoa unga, iache. Sponji ya kawaida, iliyotengenezwa kwa plastiki nyingine iitwayo EVA, haiozi namna hiyo. Yenyewe hukauka na kuwa ngumu, ndiyo maana jaribio la kidole gumba halina mbadala.

Kibandiko kisomwe kwenye viatu vyote viwili. Jozi zenye kushoto 42 na kulia 42 na nusu hupatikana, na nambari za muundo zisipofanana, huenda sponji mbili ni za urefu tofauti. Kwa mkimbiaji mwenye nyonga au mgongo unaouma upande mmoja, milimita chache za tofauti ni nyingi.

Saizi: nunua jioni, baada ya kushinda umesimama, kwa maana mguu huvimba na joto la huku, na huvimba zaidi ukikimbia. Vaa soksi ya mbio, simama wima. Bakisha nafasi ya upana wa kidole gumba mbele ya kidole kirefu kuliko vyote, ambacho kwa wengine si kidole gumba cha mguu. Raba inayobana mbele huharibu kucha na kutia vidole ganzi. Inayopwaya kisigino hufanya vidole vishikilie kwa nguvu, kigimbi kikakaza safari nzima.

Kuhusu aina, pale mezani utasikia maneno mengi: hii ya mguu bapa, hii ya mguu wenye uvungu mkubwa. Yasikusumbue. Jeshi la Marekani liligawia makuruta viatu kwa kufuata umbo la unyayo wao, na majeraha hayakupungua kulinganisha na waliopewa aina moja bila kupimwa. Kinachoaminika zaidi ni starehe: raba unayoisikia sawa mguuni kuanzia hatua ya kwanza. Kama muuzaji anakuruhusu kukimbia kidogo mbele ya kibanda, kimbia. Asiyeruhusu, mwache.

Jambo moja la umbo lina uzito kwa mwenye jeraha la kurudi: tofauti ya urefu baina ya kisigino na mbele. Raba nyingi za mazoezi zina kisigino kilichoinuka milimita 8 hadi 12 kuliko mbele. Nyingine 4, nyingine ziko sawa kabisa. Kadiri kisigino kinavyoshuka, ndivyo kazi inavyohama kutoka gotini kwenda kwenye kifundo, kigimbi na kano ya kisigino. Kwa hiyo mwenye kano inayouma asubuhi anapotia mguu chini asiguse raba bapa, hata iwe nyepesi na ya kupendeza. Achukue yenye kisigino kilichoinuka vizuri. Mwenye maumivu ya mbele ya goti anaweza kunufaika na yenye tofauti ndogo, lakini ahamie polepole, mbio moja fupi kwa wiki mwanzoni, vinginevyo atakuwa amebadilisha jeraha moja kwa jingine. Mezani huna rula, lakini unacho kiatu ulichovaa: vipange ubavu kwa ubavu uone.

Zile zenye bamba gumu la kaboni ndani ya sponji nene zimeanza kuonekana pia, na vijana wanazikimbilia. Zinafanya kazi siku ya mashindano zikiwa mpya. Zikiwa mtumba, sponji yake laini ndiyo ya kwanza kufa, na ugumu wa bamba unabaki. Hatumshauri mtu aliyewahi kupata ufa wa mfupa wa mguu azivae kwa mazoezi.

Wakati wa kwenda ni robota linapofunguliwa, ambapo zile za kwanza kuchaguliwa, wauzaji huziita kamera, hutolewa pembeni kwa bei yake. Muulize muuzaji wako siku yake na uwahi. Jozi iliyoning'inia juani kwa muda mrefu hata kama ilikuwa kamera imepoteza: joto hulegeza gundi na kukausha sponji. Hiyohiyo ndiyo sababu ya kutoianika raba yako juani baada ya kuifua. Ifue kwa maji baridi na sabuni kidogo, itie magazeti ndani, iweke kivulini penye upepo.

Kwa mafundi viatu wa mjini tuna sifa kubwa na onyo moja. Kubandika upya ukingo uliofunguka ni kazi wanayoiweza vizuri ikiwa mteja ataacha muda. Gundi ya kopo hutaka pande zote mbili ziwe kavu, zimeondolewa mchanga na chumvi, zimepigwa msasa. Ipakwe pande zote, isubiriwe dakika 10 au 15 mpaka ishikane na kidole bila kuchafua, ndipo ikandamizwe. Kisha raba isivaliwe mpaka kesho yake. Ukimharakisha fundi huku umesimama mguu mmoja, itafunguka, na lawama si yake.

Onyo ni kushona soli kuzunguka na kuongeza mpira wa tairi kisiginoni. Kwa viatu vya ngozi ni kazi ya kudumu. Kwa raba ya mbio, uzi mnene unaifunga sponji isinese, matundu yanapitisha maji ya chumvi, na fundo la uzi hutokea palepale unapokanyagia. Kipande cha tairi huongeza uzito na huinua kisigino. Kikiwekwa mguu mmoja tu, umetengenezewa mguu mrefu na mguu mfupi. Mwambie wazi, "Fundi, gundi tu, usishone, na usiongeze kitu chini." Ikiwa raba inahitaji zaidi ya hapo, imekwisha.

Vibandani huuzwa pia visoli vya jeli vya kuweka chini ya kisigino. Vingi vya bei rahisi hulainika wiki ya pili vikawa kama havipo. Lakini wazo lenyewe ni sahihi kwa jeraha moja: kano ya kisigino inayouma katikati, si pale inaposhikana na mfupa. Watafiti wa Australia walijaribu vinyanyuzi vya milimita 12, na katika wiki 12 vilileta nafuu kubwa kuliko mazoezi ya kigimbi peke yake. Chagua kigumu kisichobonyea ukikifinya, weka viatu vyote viwili, na hakikisha kisigino hakitoki juu ya raba. Kwa goti usinunue.

Raba ngapi? Mbili, kama mfuko unaruhusu. Uchunguzi uliofanywa Luxembourg kwa wakimbiaji 264 uliona waliokuwa wakibadilisha raba zaidi ya jozi moja kwa zamu waliumia kwa asilimia 39 pungufu kuliko waliotegemea moja. Maelezo yanayokubalika ni kwamba kila raba huupa mguu kazi tofauti kidogo, basi hapachoki mahali pamoja kila siku. Hapa kwetu kuna sababu ya ziada: jozi ya lami na jozi ya pwani. Maji ya chumvi hula gundi na mchanga husaga kitambaa kwa ndani. Raba ya pwani isuuzwe kwa maji baridi siku hiyohiyo.

Na hapa inabidi tuzungumze juu ya pwani yenyewe, kwa sababu mkimbiaji anaweza kulaumu raba isiyo na kosa. Ghuba ya Malindi ni pana na mchanga wake mbichi ni mgumu, mzuri sana kwa mguu, lakini saa yake haiendi na saa ya mkimbiaji. Siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hupwa kabisa kama saa nne au saa tano asubuhi, na huwa yamejaa alfajiri. Anayetoka saa kumi na mbili hukuta utepe mwembamba tu wa juu, mchanga laini na umeinama kuelekea baharini. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, mambo hugeuka: alfajiri maji yako chini na palipo sawa panapatikana. Kwa hiyo kila baada ya wiki mbili, mtu yuleyule, njia ileile, saa ileile, anakimbia juu ya mteremko bila kutambua. Kwenye mteremko mguu wa upande wa bahari huwa chini, wa nchi kavu huwa juu. Upande wa nje wa goti na kano ya kisigino hulalamika. Ukienda na kurudi njia hiyohiyo miguu hubadilishana. Anayekwenda kwa pwani akarudi kwa lami ameupa mguu mmoja kazi yote. Kwenye mchanga mkavu laini, kukimbia hutumia nguvu kama mara 1.6 ya ardhi ngumu, na kisigino huzama chini ya vidole, kigimbi kikavutwa kila hatua. Kilomita tatu za namna hiyo zihesabiwe kama tano. Wenzetu wa Lamu wanaokimbia ufuo wa Shela wanalijua hili: kwenye utepe mbichi wa ukingoni wanaenda mbali, wakipanda kwenye matuta ya mchanga hawachukui dakika kumi bila kusimama.

Raba nzuri kabisa haizuii jeraha linalosababishwa na kuongeza mbio ghafla, na hilo ndilo chanzo cha mengi. Ile kanuni maarufu ya kuongeza asilimia 10 kwa wiki ilijaribiwa Uholanzi kwa wanaoanza mbio, na waliopandishwa hivyo hawakuumia pungufu kuliko wenzao. Kinachoonekana kuwa na hatari zaidi ni mbio moja ndefu kupita kawaida. Mtu ambaye mwezi mzima hajazidi kilomita 8, Jumapili moja anaungana na wenzake kwenda Mambrui. Angalia mbio yako ndefu kuliko zote ya siku 30 zilizopita, usiipite kwa zaidi ya kilomita moja hivi.

Ikibaki shilingi 100 au 200 baada ya kununua raba, pitia kwa mafundi wa baiskeli na pikipiki. Tyubu kuukuu ya pikipiki ikikatwa kwa urefu, upana wa vidole vitatu, ni mpira wa mazoezi mzuri kuliko ile mikanda myembamba ya dukani inayokatika. Chagua isiyo na viraka, ifue kuondoa unga mweusi, funga kitanzi. Ivae juu kidogo ya magoti, kunja magoti kidogo, tembea kiubavuubavu hatua 15 kila upande, mara tatu. Nyonga ndizo zinazolishika goti lisiingie ndani wakati wa kutua. Tyubu ya gari ni nene mno kwa wanaoanza.

Kwa kano ya kisigino kinachohitajika ni ngazi tu. Utaratibu ulioenezwa na daktari wa Uswidi Håkan Alfredson mwaka 1998 bado unatumika: simama kwa vidole ukingoni mwa ngazi, inuka kwa miguu yote miwili, shuka polepole kwa ule wenye jeraha mpaka kisigino kipite chini ya ngazi. Mara 15, seti tatu goti likiwa limenyooka, seti tatu goti likiwa limekunjwa, asubuhi na jioni, wiki 12. Jumla ni mara 180 kwa siku. Wengi huacha wiki ya tatu maumivu yanapopungua, na hapo ndipo jeraha la kurudi linapozaliwa: maumivu huondoka kabla ya nguvu kurudi. Kipimo rahisi ni kuinuka kwa mguu mmoja, kisigino juu kabisa, mara nyingi uwezavyo. Ukifika 25 kwa mguu mzima na 14 kwa ule wa jeraha, hujapona, hata kama hakuumi. Wenye maumivu pale kano inaposhikana na mfupa wasishuke chini ya ngazi; wafanye sakafuni.

Kwa utando wa unyayo, kunja taulo, uweke chini ya vidole viweze kukunjika juu, kisha inuka kwa mguu mmoja: sekunde tatu kupanda, mbili kushikilia, tatu kushuka. Mara 12, seti tatu, siku moja ndiyo siku moja hapana. Ikizoeleka, beba mkoba wenye mzigo mgongoni na upunguze idadi. Hii ni njia ya watafiti wa Denmark, na ngazi ya nyumba yoyote ya Malindi inaitosha.

Mwenye goti ajaribu kufupisha hatua. Hesabu mguu wa kulia unagusa chini mara ngapi kwa dakika ukiwa katika mwendo wako wa kawaida. Ikiwa ni 78, lenga 82 hadi 85, mwendo uleule. Ongezeko la asilimia 5 hadi 10 hupunguza mzigo wa goti na nyonga, na halina gharama.

Kuchuliwa kwa mafuta ya nazi kunatuliza kigimbi kilichochoka, na wachuaji wazuri tunao. Hakutengenezi kano, na kigimbi kilichochanika kisichuliwe siku za mwanzo.

Maumivu wakati wa mbio yakiwa madogo, hadi 3 kati ya 10, na yakawa yamerudi kawaida kesho yake asubuhi, endelea. Yakizidi usiku, punguza. Lakini maumivu ya mfupa yanayoonyeshwa kwa ncha ya kidole kimoja, yanayouma hata usiku kitandani au ukiruka kwa mguu mmoja, hayahusiani na meza ya mitumba. Acha kukimbia, nenda hospitali, na mwambie daktari kwamba unakimbia, kwani ufa wa aina hiyo mara nyingi hauonekani kwa eksirei wiki mbili tatu za kwanza na huenda ukahitaji kupigwa tena.

Walioko Lamu na ambao humwagiza jamaa anayepita Malindi awanunulie, msitume saizi peke yake, saizi 43 za kampuni mbili hazilingani. Simama juu ya karatasi jioni, chora nyayo zote mbili, pima kutoka kisigino hadi kidole kirefu kwa sentimita, na mpe karatasi yenyewe aiweke ndani ya raba baada ya kutoa soli ya ndani. Ibaki sentimita moja mbele. Akupigie picha nne kabla ya kulipa: visigino kwa nyuma vikiwa juu ya meza, soli zote mbili kwa chini, sponji kwa ubavu, na kibandiko cha tarehe. Picha ya visigino ndiyo uikuze na kuitazama kwa muda. Ikionyesha mstari wa nyuma umelala, hata wa raba moja, mwambie airudishe mezani.